Namna ya Kubaini Kiambato cha Supu za Asia Kinachosumbua Tumbo

Wafanyabiashara wa Tanzania wanaofuata bidhaa Guangzhou, wanafunzi walioko katika vyuo vya China na Malaysia, na wakazi wa miji mikubwa nchini wanaotembelea migahawa ya Kichina, Kithai na Kivietinamu wanazifahamu vyema supu za Asia. Baadhi yao humaliza bakuli wakiwa na furaha, kisha hulala tumbo likiwa limejaa gesi, likisokota au likiharisha. Hukumu hutolewa siku hiyo hiyo: ni ajinomoto.

Mara nyingi hukumu hiyo humwangukia asiyehusika, na kosa hilo lina gharama. Mlaji huacha chakula anachokipenda bila kupata nafuu, huku kiambato chenye tatizo kikiendelea kumfikia kupitia pilau, rosti na mchuzi wa nyumbani kwake. Kwa watu wachache wenye mzio wa kamba au karanga, kukosea mshukiwa kunaweza kugharimu uhai.

Ajinomoto ni jina la biashara la monosodiamu glutameti. Mwaka 1908 Profesa Kikunae Ikeda wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo alitenga glutameti kutoka katika mwani unaoitwa kombu, ambao Wajapani huutumia kupikia supu, na mwaka uliofuata bidhaa hiyo ikaingia sokoni. Sifa yake mbaya ilianza mwaka 1968, pale jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine la Marekani lilipochapisha barua ya Dkt. Robert Ho Man Kwok. Daktari huyo alieleza hali iliyompata kila alipokula katika migahawa fulani ya Kichina nchini humo: ganzi nyuma ya shingo, udhaifu wa mwili na moyo kwenda mbio. Tumbo halikuwa miongoni mwa malalamiko hayo. Aidha, yeye mwenyewe alitaja washukiwa kadhaa, wakiwemo mchuzi wa soya, divai ya kupikia na wingi wa chumvi. Katika masimulizi yaliyofuata hao wengine walisahaulika, ikabaki ajinomoto peke yake.

Tangu hapo kiambato hicho kimechunguzwa kwa kina. Mwaka 1987 kamati ya pamoja ya wataalamu wa viongeza vya chakula ya FAO na Shirika la Afya Duniani iliona hakuna haja ya kukiwekea kikomo cha matumizi kwa siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 nchini Marekani uliwahusisha watu 130 walioamini kwamba kinawadhuru. Walipopewa bila kujua ni lini wanapewa chenyewe na ni lini wanapewa kitu kinachofanana nacho, dalili zao hazikuwa thabiti kutoka jaribio moja hadi jingine. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikuwa na tahadhari zaidi, na mwaka 2017 iliweka kikomo cha miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani nayo inakubali kuwa watu wachache huweza kupata dalili nyepesi za muda mfupi wanapotumia gramu 3 au zaidi bila chakula, ilhali mlo wa kawaida wenye kiongeza hicho huwa na chini ya nusu gramu. Kwa hiyo ajinomoto haijafutwa katika orodha ya washukiwa, lakini haistahili kuwa ya kwanza.

Nafasi ya kwanza inastahili kupewa vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu vina wanga wa aina ya fruktani, ambao mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuuvunja. Fruktani hupita tumboni na katika utumbo mwembamba bila kumeng'enywa, kisha hufika katika utumbo mpana ambako bakteria huichachusha na kutoa gesi. Kwa watu wengi jambo hilo hupita bila kusikika. Kwa wenye utumbo ulio mwepesi wa kuhisi, gesi hiyo huleta maumivu, tumbo kujaa na choo chepesi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash cha Melbourne, Australia, ndio waliounda mpango wa ulaji unaopunguza wanga wa aina hiyo, na leo unatumika katika nchi nyingi chini ya uangalizi wa wataalamu wa lishe.

Supu ya Kivietinamu iitwayo pho inaonesha kwa nini vitunguu huponyoka macho ya mlaji. Mifupa ya ng'ombe huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na vitunguu na tangawizi vilivyobabuliwa motoni, mdalasini, karafuu na viungo vingine, kisha mchuzi huchujwa. Bakuli likifika mezani lina mchuzi mweupe unaoonekana safi, tambi za mchele, nyama na majani. Mlaji haoni kitunguu cha kupikia na huamini hajakila. Hata hivyo fruktani huyeyuka katika maji, hivyo hubaki ndani ya mchuzi hata vipande vyenyewe vikitupwa. Haiyeyuki katika mafuta. Ndiyo maana mtu anayesumbuliwa na kitunguu saumu huweza kutumia mafuta yaliyokaangiwa punje zake na kisha kuchujwa, akapata harufu na ladha bila maumivu. Majani mabichi ya kitunguu, ile sehemu ya kijani, nayo huwa na fruktani kidogo kuliko kichwa chake.

Ngano hufuata. Ramen ya Kijapani hupikwa kwa tambi za ngano, na ngano nayo ina fruktani. Mchuzi wa soya wa kawaida hutengenezwa kwa soya na ngano, na baadhi ya aina za miso huchachushwa kwa shayiri, kwa hiyo anayeagiza tambi za mchele pekee hajaiepuka gluteni. Jambo hili ni zito kwa mwenye ugonjwa wa seliaki, ambao gluteni husababisha kinga ya mwili kushambulia utumbo mwembamba. Anayeuhisi ugonjwa huo hapaswi kuacha ngano kabla ya kupimwa, kwa kuwa kipimo cha damu huweza kutoonesha ugonjwa iwapo mtu ameshaacha kula gluteni.

Pilipili haihitaji maelezo marefu. Kapsaisini iliyomo huamsha mishipa ya fahamu inayohisi joto na maumivu, ambayo imo mdomoni na pia katika utumbo, na asiyeizoea huweza kukimbilia chooni saa chache baada ya supu kali ya Sichuan au tom yum ya Thailand. Mafuta mengi, kama ya laksa ya Malaysia iliyojaa tui la nazi au ya mchuzi wa mifupa ya nguruwe, huchelewesha tumbo kutoa chakula na huchochea kiungulia. Hapa inafaa kusema kwamba si kila moto wa kifuani ni "vidonda vya tumbo". Wananchi wengi hujipa jina hilo la ugonjwa na kununua dawa dukani, ilhali vidonda vina vipimo vyake.

Kundi la mwisho lazima litenganishwe na yote yaliyotangulia. Mzio wa chakula ni kosa la kinga ya mwili, na huweza kuchochewa na kiasi kidogo sana. Supu za Asia hubeba vyakula vya mzio kwa namna isiyoonekana: sosi ya samaki hutiwa badala ya chumvi, sosi ya chaza huongezwa kwenye mboga, uduvi uliochachushwa na kusagwa huwa msingi wa viungo vya laksa, na karanga au ufuta hunyunyizwa juu. Supu inayoitwa ya kuku huweza kuwa na uduvi. Kuchemsha hakusaidii, kwa sababu protini kuu inayoleta mzio wa kamba na kaa huhimili joto la chungu. Anayevimba midomo, anayetokwa na vipele vinavyowasha, anayebanwa pumzi au kuzimia ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula afikishwe hospitali mara moja, na asijaribu tena chakula hicho nyumbani hata kijiko kimoja.

Saa ni shahidi mzuri katika uchunguzi huu. Dalili za mzio huja upesi. Pilipili huchukua saa chache. Gesi ya fruktani huchelewa zaidi, mara nyingi hadi chakula kifike utumbo mpana, na wakati mwingine mlaji hulaumu kifungua kinywa kwa kosa la supu ya jana jioni. Lakini ratiba hiyo hiyo huingiliana na ya vimelea. Bakteria wa Clostridium perfringens, wanaopenda vyungu vikubwa vya mchuzi wa nyama vilivyoachwa vikiwa na uvuguvugu, huleta msokoto na kuharisha kati ya saa 6 na 24. Sumu ya Bacillus cereus katika wali au tambi zilizokaa nje huleta kutapika ndani ya nusu saa hadi saa 6. Shirika la Afya Duniani hushauri chakula cha moto kihifadhiwe kwenye zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, na kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Iwapo watu watatu waliokula chungu kimoja wameugua pamoja, kosa linatafutwa jikoni na si katika orodha ya viambato. Iwapo ni mmoja yule yule, tena kila mara, basi kiambato kinastahili kutafutwa.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mashine. Kwa muda wa wiki mbili mlaji huandika kila anachokula, saa aliyokula, dalili iliyotokea na saa ilipoanza. Daftari hilo huonesha mambo ambayo kumbukumbu huyaficha, kwa mfano kwamba tumbo lilijaa pia siku ya kachumbari na siku ya pilau ambako hapakuwa na supu wala ajinomoto. Kisha hupikwa supu nyepesi nyumbani: mchuzi wa kuku, chumvi, tangawizi, mchaichai na tambi za mchele, bila kitunguu, pilipili, mchuzi wa soya wala kiungo cha pakiti. Tumbo likitulia kwa supu hiyo, kiambato kimoja hurudishwa kwa wakati wake. Kitunguu saumu, kwa mfano, huanza kwa kiasi kidogo siku ya kwanza, huongezwa siku ya pili na ya tatu, kisha mlaji husimama siku kadhaa kabla ya kujaribu kingine. Anayerudisha viwili kwa pamoja hatajua kipi kilimsumbua, na hili ndilo kosa linaloharibu majaribio mengi.

Kwa ajinomoto lipo jaribio jingine, kwa kuwa hofu peke yake huweza kusokota tumbo. Mtu mwingine wa nyumbani huitia katika supu siku anayoichagua yeye na kuiacha siku nyingine, bila kumwambia mlaji, na matokeo hulinganishwa na daftari baada ya siku kadhaa. Utaratibu huu wote ni wa mtu mzima asiyewahi kuonesha dalili za mzio. Watoto, wajawazito na wenye kisukari wasipunguze vyakula bila ushauri wa mtaalamu wa lishe. Hata kwa mtu mzima mwenye afya, kipindi cha kuacha vyakula hakipaswi kuzidi wiki 6.

Mgahawani, swali la "kuna ajinomoto?" halitoshi. Mpishi aulizwe mchuzi umechemshwa na nini, unatiwa sosi gani, na kama chungu au mwiko umegusa kamba au karanga. Kwa bidhaa za pakiti, viwango vya kimataifa vya Codex vinataka vyakula kama nafaka zenye gluteni, samaki, kamba na jamii yake, mayai, maziwa na karanga vitajwe kila mara kwenye lebo. Monosodiamu glutameti hutambulika pia kwa namba 621. Bidhaa iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma mnunuzi haimpi habari yoyote, na malalamiko kuhusu lebo yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye jukumu la usalama wa chakula Tanzania Bara.

Zipo dalili ambazo daftari halizitoshi. Damu kwenye choo, choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila sababu, homa, kutapika kusikokoma, maumivu yanayomwamsha mtu usingizini au kuharisha kunakozidi siku 3 humaanisha kwenda kituo cha afya bila kusubiri jaribio likamilike. Anayeharisha aanze kunywa maji yenye ORS akiwa njiani, na daftari lake la chakula alichukue, kwa kuwa maswali ya kwanza ya daktari yatakuwa ni nini kililiwa, lini, na nani mwingine alikula.