Tumbo, Mdomo na Mjomba: Kumsoma Mwanamke katika Picha za Kusini

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna haraka moja. Tukimwona mwanamke mjamzito kwenye picha tunasema, "Huyo ni Mama Afrika," tunafunga daftari. Makala haya yanataka tulifungue tena, kwa kutazama picha za George Lilanga (1934–2005), Mmakonde mzaliwa wa Masasi, jirani kabisa na Nachingwea, aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam.

Picha zake zimejaa viumbe wa rangi kali waliobanana kama abiria wa daladala: masikio makubwa, midomo mizito, matumbo yaliyotuna. Mgeni huwacheka, au huwaita mashetani basi. Ni kweli chimbuko lao ni vinyago vya mashetani vya Kimakonde. Lakini mtu wa Nachingwea au Ruangwa, kwa Wamwera, anaweza kuzisoma kwa ishara za kwao.

Ishara ya kwanza ni mdomo. Zamani wanawake wa Kimwera, Kimakonde na Kimakua walitoboa mdomo wa juu wakavaa ndonya. Kwa asiyejua, mdomo uliochomoza ni kichekesho. Kwa wenyewe ulikuwa urembo. Sidai kwamba kila mdomo wa Lilanga una ndonya. Nadai kwamba jicho lililolelewa huku halina sababu ya kuuona mdomo mkubwa kuwa ubaya.

Ishara ya pili ni tumbo. Makabila haya kwa desturi hufuata ukoo wa mama: mtoto huhesabiwa upande wa mama yake. Kwa hiyo tumbo ni mlango ambao ukoo mzima umepitia. Hapo Mama Afrika wetu ananoga kwelikweli!

Sasa basi, tusishangilie mapema. Tazama kinyago cha kiwiliwili cha Wamakonde: tumbo la mjamzito, matiti na chale, vyote vimechongwa kwa mti. Nani huchonga? Mwanaume. Nani hukivaa ngomani? Mwanaume vilevile. Na katika ukoo huohuo wa mama, mwenye kauli kwa desturi ni mjomba. Mwanamke anatukuzwa, lakini anayesema kwa niaba yake ni mwingine. Kutukuzwa na kusikika ni mambo mawili, na mhakiki akiyachanganya anapotosha.

Linganisha na tamthilia ya Penina Muhando, *Nguzo Mama* (1982). Humo nako mwanamke ni ishara, nguzo inayotakiwa kusimamishwa. Ila mwandishi ni mwanamke, na wanawake wenyewe wanahangaika, wanabishana, wanashindwana. Ishara imepewa mdomo wa kusemea.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu ishara haziishii ukutani. Picha inayosema mwanamke ni chanzo cha ukoo inaweza kumpa binti wa Ruangwa heshima. Inaweza pia kumtoa shule, kwa hoja kwamba kazi yake ni tumbo. Picha ni ileile, usomaji ndio tofauti.

Napendekeza basi tuulize maswali matatu kabla ya kuhitimisha: nani ameshika brashi? Picha imekusudiwa macho ya nani? Na mwanamke aliyechorwa anatenda nini, au amewekwa tu? Anayeona nimemwonea Lilanga, au mjomba, uwanja ni wake toleo lijalo.