Mkono Bandia kwa Mkulima wa Maore: Uzito, Mshiko na Hisia

Maore ipo katika nyanda za chini za Wilaya ya Same, mashariki mwa Milima ya Upare Kusini, kwenye barabara itokayo Same kupitia Kisiwani kuelekea Ndungu, Kihurio na Mkomazi. Maji yashukayo kutoka milimani hunywesha mashamba ya mpunga, na karibu kila kazi ya mpunga hudai mikono miwili. Miche hung'olewa kitaluni na kupandikizwa. Wakati wa mavuno mkono mmoja hukusanya mabua na wa pili hukata kwa mundu. Hata kushona mdomo wa gunia huhitaji mkono wa kushikilia na mkono wa kupitisha sindano. Kwa mtu aliyekatwa mkono katika mazingira haya, kilichopotea ni nusu ya kila kazi inayomlisha.

Sababu za kupoteza mkono vijijini zinafahamika kwa wahudumu wa afya: mashine za kukoboa nafaka na za kukatia majani ya mifugo ambazo mikanda yake haikukingwa, mitambo ya kusindika mkonge, shoti ya umeme, majeraha ya moto, ajali za pikipiki, na sumu ya kifutu, nyoka ambaye sumu yake huozesha nyama ya mahali alipouma. Ipo pia sababu inayosikitisha zaidi kwa kuwa ingeweza kuzuilika: mfupa uliovunjika ukafungwa kwa vijiti na kamba, ukakazwa mno, hadi damu ikashindwa kupita na vidole vikafa.

Kidonda kinapopona, swali hubadilika. Mgonjwa, ambaye huenda ameona katika simu mkono wa roboti wenye vidole vitano vinavyofunga na kufungua kimoja kimoja, huuliza kama anaweza kupata mkono wa namna hiyo. Swali ni la haki na halistahili kupuuzwa. Hata hivyo, kabla ya kuhesabu vidole, kuna mambo mawili ambayo huamua kwa kiasi kikubwa kama mkono bandia utavaliwa shambani au utatundikwa msumarini: uzito wake umekaa wapi, na je, mvaaji anahisi anachokishika?

Uzito ndilo lalamiko la kwanza kusikika kliniki, nalo huwashangaza wengi. Mkono wa asili, kuanzia begani hadi ncha za vidole, ni takriban asilimia 5 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 60, hizo ni kilo 3, na kati yake kigasha pamoja na kiganja ni kama kilo 1.3. Hakuna anayelalamika kwamba kilo hizo zinamwelemea, kwa sababu mfupa huzibeba kutoka ndani na misuli imeshikamana na mfupa huo moja kwa moja. Mkono bandia haukushikamana na mfupa. Soketi yake imevalishwa juu ya ngozi na nyama laini ya kigutu, hivyo gramu mia tano tu zinaweza kuhisiwa kama mzigo.

Hapo ndipo kanuni ya mizani inapoingia. Uzito uleule huelemea zaidi kadiri unavyokuwa mbali na kiungo kinachoubeba. Kila aliyewahi kushika jembe kwa ncha ya mpini analijua hilo. Chukulia kiganja cha umeme chenye uzito wa gramu 500, kilicho sentimita 30 kutoka kwenye kiwiko. Kwa kiwiko, mzigo huo ni sawa na kilo moja na nusu iliyowekwa sentimita 10 tu kutoka hapo. Sasa chukulia kwamba katika gramu hizo 500, gramu 200 ni za betri, na mtengenezaji akaihamisha betri hadi sentimita 10 kutoka kiwikoni. Mkono haukupungua hata gramu moja, lakini mzigo unaokielemea kiwiko umepungua kwa zaidi ya robo. Mabadiliko ya namna hiyo hayaonekani katika picha za matangazo, lakini bega la mvaaji huyatambua kabla ya saa sita mchana.

Kwa mantiki hiyohiyo, daktari wa upasuaji anayefanikiwa kukihifadhi kiwiko cha mgonjwa humpa msaada ambao mtambo wowote wa baadaye utaulipia kwa shida.

Panapobaki uzito usioweza kuhamishwa, wabunifu hutumia springi. Wahudumu wa kliniki za mama na mtoto wanaifahamu kazi yake kutokana na mizani ya kuning'iniza: mtoto akiwa mzito, springi hunyooka zaidi na huvuta kwa nguvu zaidi. Mwaka 1932 mhandisi wa magari wa Uingereza, George Carwardine, alipata hataza ya mkono wa vyuma wenye springi zilizopangwa ili mvuto wake ulingane na uzito wa mkono katika kila mkao. Kutoka hapo ikatokea taa ya mezani inayobaki pale inapoachwa, bila kushuka wala kuruka juu. Kanuni ya kusawazisha namna hiyo hutumika leo katika taa nyingi za vyumba vya upasuaji na katika baadhi ya roboti za viwandani, ambazo mota zake hupumzishwa kazi ya kubeba chuma cha roboti yenyewe. Hutumika pia katika vishikizo vya mkono kwa watu ambao misuli ya bega imedhoofika, kwa mfano baada ya polio: kigasha hulazwa katika kitako kilichosawazishwa, na nguvu kidogo iliyosalia hutosha kupeleka kijiko mdomoni. Vipo na viwiko bandia vyenye springi ya namna hiyo kwa waliokatwa juu ya kiwiko.

Springi, hata hivyo, haijui mvaaji ameshika nini. Ikiwa imepimwa kwa mkono mtupu, mkono unapoinua ndoo ya maji usawa huo huvunjika. Kwa hiyo mkono uliosawazishwa humpunguzia mvaaji uzito wa mkono wenyewe. Uzito wa mzigo unabaki kuwa wake.

Jambo la pili ni mshiko. Mwaka 1912 Mmarekani David W. Dorrance, aliyepoteza mkono katika kiwanda cha mbao, alipata hataza ya kulabu yenye vidole viwili vya chuma, kimoja kimetulia na kingine kinatembea. Pete za mpira huvibana vidole hivyo pamoja, na kebo iliyounganishwa na mkanda wa begani huvifungua. Mvaaji husogeza bega la upande wa pili mbele kidogo, kebo huvutika, kulabu hufunguka; akilegeza, hufunga. Kila pete huongeza nguvu ya mshiko kwa takriban nusu kilo, na kila pete humdai mvaaji nguvu zaidi ya kufungua. Zaidi ya miaka mia moja baadaye kulabu za jinsi hiyo bado zinatengenezwa, wala si kwa sababu wahandisi wamelala. Chombo kisicho na betri wala mota, kinachoweza kuoshwa matope kwa maji ya mfereji, si rahisi kukipiku.

Vidole vitano vya roboti vina tatizo lao: kitu kinachoshikwa hakina umbo moja. Wabunifu wengi wamelijibu kwa kutumia mota moja inayovuta vidole kadhaa kupitia vyuma vinavyogawana mvuto. Wakulima wanaolima kwa maksai zaidi ya jozi moja wanaielewa hesabu hiyo: gogo la kugawia mvuto humruhusu ng'ombe mmoja atangulie kidogo bila mwenzake kuacha kuvuta. Vivyo hivyo kidole kinachogusa kitu kwanza husimama, vingine huendelea hadi vyote vimekumbatia. Ni ubunifu mzuri, na katika kushika chungwa au chupa hufanya kazi vizuri. Katika kushika miche kumi ya mpunga ndani ya maji ya tope, sifa hiyo haisaidii sana.

Hisia ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Utafiti wa wanasayansi wa Sweden, Johansson na Vallbo, uliochapishwa mwaka 1979, ulikadiria kwamba ngozi ya upande wa kiganja ina vipokezi vya mguso vipatavyo 17,000. Glasi inapoanza kuteleza, vipokezi hivyo hutoa taarifa na vidole hukaza chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kabla mtu hajafahamu kwamba ilikuwa inateleza. Mkono wa umeme unaoendeshwa kwa ishara za misuli ya kigutu mara nyingi hauna njia ya kumrudishia mvaaji taarifa hiyo, hivyo humlazimu aukodolee macho kila anaposhika kitu. Kutazama huko kunachosha, na mkulima anayekata mpunga kwa mundu anahitaji macho yake pahali pengine.

Kulabu ya kebo, pamoja na ukale wake, hurudisha taarifa fulani. Mvuvi wa mshipi katika Bwawa la Kalimawe hamwoni samaki, lakini uzi humweleza kama ameguswa, amekamatwa au ameponyoka. Kebo hulieleza bega vivyo hivyo. Katika miaka ya 1970 mtaalamu David Simpson wa Edinburgh, aliyetengeneza mikono kwa ajili ya watoto waliozaliwa na viungo pungufu kutokana na dawa ya thalidomide, alisisitiza kwamba kiungo bandia kikiunganishwa na kiungo hai kwa namna ambayo mkao na nguvu ya kimoja hufuata mkao na nguvu ya kingine, ubongo huanza kukisoma kama sehemu ya mwili. Hapa pana tofauti ambayo mgonjwa anafaa kuelezwa. Kulabu inayofunguliwa kwa kuvuta humwambia mvaaji imefunguka kiasi gani, lakini nguvu ya kubana hupangwa na pete za mpira. Ipo aina ya pili, inayofungwa kwa kuvuta, ambayo humwezesha kuhisi anabana kwa nguvu gani. Gharama yake ni kwamba lazima aendelee kuvuta muda wote anaoshika, au atumie kifungio.

Tafiti za kurudisha mguso kwa umeme zinaendelea. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Cleveland, Marekani, walichapisha matokeo ya kupandikiza vifaa vidogo kwenye neva za mikono ya watu waliokatwa. Watu hao walihisi mguso kana kwamba unatoka katika vidole ambavyo hawakuwa navyo tena, na waliweza kushughulika na matunda laini bila kuyaponda. Ugumu wa jambo hili unaonekana hata katika vyumba vya upasuaji vya nchi tajiri: roboti ya upasuaji iitwayo da Vinci iliidhinishwa Marekani mwaka 2000, lakini toleo lake lenye uwezo wa kumrudishia daktari hisia ya nguvu anayotumia liliidhinishwa mwaka 2024.

Haina maana kwamba kulabu ni jibu kwa kila mtu. Mapitio ya tafiti za miaka 25, yaliyochapishwa mwaka 2007 na Elaine Biddiss na Tom Chau wa Toronto, yalionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne huuacha mkono wake bandia, uwe wa kebo au wa umeme, na kwa watoto kiwango kilikuwa kikubwa zaidi. Sababu hazikai katika mitambo pekee. Mkono wa kulia ndio wa kusalimia na wa kulia chakula, na mtu anayeingia msibani au harusini na kulabu ya chuma hukutana na macho ya watu. Wapo wanaotaka mkono usiofanya kazi yoyote ila kufanana na mkono, nao hawastahili kucheka wala kusutwa. Mwenye bahati huwa na yote mawili: kiganja cha umbo la kibinadamu kwa ajili ya shughuli za watu, na kulabu kwa ajili ya shamba.

Kwa mkazi wa Maore, njia ya kupata huduma hii hupitia Same hadi Moshi, ambako chuo cha mafunzo ya teknolojia ya viungo bandia, TATCOT, kimekuwa kikifundisha wataalamu tangu mwaka 1981 katika eneo la Hospitali ya KCMC. Safari ni ndefu na nauli huhesabiwa, kwa hiyo mengi hutegemea kinachofanyika zahanati kabla ya safari hiyo. Kidonda kikishafunga vizuri, kigutu kifungwe bendeji ya kunyumbuka kwa mtindo wa namba nane, kwa kukaza zaidi nchani na kulegeza kadiri inavyopanda, ili uvimbe upungue na umbo liwe tayari kuingia katika soketi. Kiwiko na bega vinyooshwe kila siku, kwa maana kiwiko kilichoganda hufuta faida ya mkono wowote. Rufaa isicheleweshwe: mtu aliyezoea miezi mingi kufanya kila kitu kwa mkono mmoja hupata sababu chache za kuukubali wa pili.

Matengenezo nayo yazungumzwe mapema. Kebo ya mkono bandia hupita ndani ya mfereji wake kama ile ya breki ya baiskeli, na huchakaa vivyo hivyo. Mvaaji afundishwe kutambua nyuzi zinazoanza kukatika, kubadilisha pete za mpira zilizolegea, na kukagua ngozi ya kigutu kila jioni kwa macho na kwa kiganja cha mkono mzima. Mkono unaorudi kliniki ukiwa na mikwaruzo na matope yaliyokauka kwenye maungio umekuwa kazini. Huo unahitaji fundi tu. Mgonjwa akirudi na mkono safi kama alivyoupokea, hapo ndipo aulizwe kwa utulivu: soketi inabana wapi, uzito unaelemea wapi, na ni kazi gani aliyoijaribu siku ya mwisho kabla ya kuuvua.