Tuko wangapi? Hakuna mwenye kujua

Mara ya mwisho Serikali kuhesabu watu wa inchi yetu yote ilikuwa mwaka 1984, wakati bado tunaitwa Zaïre. Walipata karibu milioni 30. Vijana wengi wenye kushuka leo mu mugodi hawakuwa wamezaliwa.

Tangu pale watu wametoka pande zote kuja Kolwezi kutafuta kazi. Nyumba zimeota pahali palikuwa pori. Kule Kasulo watu walichimba kobalti mpaka chini ya vyumba vyao. Nani aliwahesabu? Mu liste ya uchaguzi wa 2023 muliandikwa watu zaidi ya milioni 43, lakini ile ni liste ya wakubwa. Mtoto wa miaka sita mwenye kukosa banki ku masomo haimo.

Sisi wa sendika tunasema hivi sababu kuko makuta ndani yake. Sheria ya mine ya 2018 inagawanya ile redevansi kampuni zinalipa: 50% kwa Serikali kuu, 25% kwa provensi, 10% kwa mufuko wa vizazi vinakuja, na 15% kwa komune ao sheferi penye mugodi iko. Zaidi ya ile, kampuni inatoa 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Si makuta kidogo! Lakini tulipouliza mu komune moja kalasi ngapi zinahitajika, walituonyesha tena liste ya wachaguzi. Basi wanajenga kwa kukisia: huku kalasi tupu, kule watoto wanakaa chini.

Mwenye hana hesabu, watamudanganya hata mbele ya macho yake. Kwa hiyo hatungoji tena. Kila delege amepewa kaye, anaandika avenue yake: nyumba, watoto na miaka yao, wenye wanasoma na wenye hawasomi, kisima kiko mbali namna gani. Zile kaye tutazipeleka pahali wanapopanga matumizi ya ile 15%.

Baba na mama, mtoto akizaliwa, mumuandikishe ku leta sivili mbele ya siku 90 kupita. Na delege akipita siku ya mapumziko, musimufiche watoto mukizani analeta kodi. Mumutajie wote, hata wale wa mupangaji wa nyuma.