Paka wako anakunywa maji kwenye chombo gani?

Kama unafuga paka kwenye bedsita, najua chombo chake cha kwanza kilitoka wapi. Cha Chali kilikuwa kopo la aiskrimu. Chakula humo, na kando yake mkebe wa siagi wenye maji. Hatua moja kutoka hapo palikuwa na beseni la mchanga, choo chake. Keja ni ndogo, sasa mtu afanyeje?

Chali nilipewa na mama mboga wa ploti yetu akiwa mdogo kama ngumi. Chakula alikula bila maneno, ila yale maji hakuyagusa. Alikunywa kwenye beseni la vyombo, kwenye ndoo ya kuoga, hata kwenye glasi yangu nikigeuka. Nikadhani ni kukosa adabu tu. Nilikuwa nimeacha chuo majuzi, nina siku nzima ya kumtazama paka, na bado sikuelewa alichokuwa akiniambia.

Jumapili moja asubuhi akaanza kwenda kwenye mchanga kila baada ya dakika chache. Anachuchumaa, anakaza, hakuna hata tone. Mara ya sita akalia kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Nikamtia kwenye katoni, nikaingia matatu na pesa ya kodi mfukoni.

Mkojo ulikuwa umeziba. Shida hii huwapata hasa madume kwa sababu njia yao ya mkojo ni nyembamba sana, na paka aliyeziba kabisa anaweza kufa kwa siku mbili tatu tu. Kwa hivyo ukimwona wako anafanya hivyo, usingoje kesho. Daktari alimwekea mpira, mkojo ukatoka, halafu akaniuliza: "Anakunywa maji kwenye chombo gani, kijana?"

Hakusema kopo ndilo lililomziba. Mkojo huziba kwa sababu nyingi. Lakini paka asiyekunywa vya kutosha hukojoa mkojo mzito, na humo ndimo chembechembe kama mchanga hujijenga kwa urahisi. Na paka si mnywaji. Ukoo wake ni paka-mwitu wa Afrika, mnyama wa nchi kavu aliyepata maji yake mengi ndani ya panya na ndege aliowala. Sasa sisi tunampa vile vidonge vikavu vya mfuko, ambavyo maji yake ni kama asilimia 10 tu. Paka wa kilo 4 anahitaji karibu mililita 200 kwa siku, ukihesabu na yaliyo kwenye chakula. Asipoyapenda maji uliyomwekea, hatakunywa. Si mbwa huyu.

Basi tatizo la kwanza lilikuwa mahali. Paka wengi hawataki maji yakae ubavuni mwa chakula, na karibu na choo ndiyo kabisa. Bakuli la maji la Chali sasa liko chini ya dirisha, chakula kiko mlangoni. Ni hatua nne, lakini zilitosha.

La pili ni plastiki. Inakwaruzika upesi, na bakteria hujificha kwenye ile mikwaruzo hata ukisugua. Paka wengine hutokwa na vidoa vyeusi kidevuni, chunusi kabisa, na plastiki ni mojawapo ya vitu vinavyoshukiwa. Chali alikuwa navyo. Nilidhani ni uchafu wa makaa. Nunua stili au kauri. Stili haivunjiki, ila nyepesi huteleza sakafuni, kwa hivyo tafuta yenye mpira chini. Kauri ni nzito, inatulia, lakini ikipata ufa itupe.

Umbo nalo lina maneno. Sharubu za paka zinahisi sana, na wengi huonekana kufurahia chombo kipana, kisicho na kina, wasichohitaji kutumbukiza uso mzima. Huhitaji duka la wanyama kwa hili. Mimi nilichukua sahani mbili za stili kwa muuza vyombo wa mtaani, na bei yake haikufika hata nauli ya ile Jumapili.

Osha kwa sabuni kila siku. Ute wa mate unabaki hata kama bakuli linaonekana safi. Maji yabadilishe kila siku pia, hata wiki ya mgao wa maji, wakati unahesabu mitungi. Na kama siafu wanakusumbua, weka sahani ya chakula ndani ya sinia lenye maji kidogo, hawavuki.

Chali bado anaichungulia glasi yangu, lakini siku hizi anakunywa dirishani, na mchanga wake asubuhi umelowa. Manze, sikujua siku moja nitafurahia kuona mkojo. Lile kopo la aiskrimu naweka pini za nguo.