Kikapu Kitupu Si Dalili ya Mto Mtupu

UKURASA WA USALAMA NA AFYA



Husemwa kwamba ajali haina kinga. Katika ukurasa huu hatukubaliani na msemo huo. Ajali nyingi zina kinga. Helmeti ni kinga, kufuli juu ya swichi ni kinga, na kamba ya kusimamishia mkanda ni kinga. Lakini kinga nayo hupata ugonjwa. Kinga iliyoharibika pasipo mtu kujua inaweza kuwa mbaya kuliko kukosa kinga kabisa, kwa sababu asiye na kinga hujihadhari, na mwenye kinga mbovu hujiachia.

Leo tunazungumza juu ya kinga ya siku hizi: kamera inayotazama mahali pa hatari, na kompyuta inayosoma picha za kamera hiyo. Mtu akikaribia mkanda wa mawe, au akiingia bila helmeti, kompyuta hupiga king'ora. Kazi hiyo hufanywa na programu, na mafundi wengi huiandika kwa msaada wa OpenCV. Hii ni maktaba ya programu, yaani mkusanyo wa amri zilizokwisha tengenezwa kwa ajili ya kusoma na kuchunguza picha. Ilianzishwa mwaka 1999 katika kampuni ya Intel na Gary Bradski, ikatolewa kwa watu wote mwaka 2000. Haiuzwi, kila mtu anaruhusiwa kuitumia.

Wewe unayeandika programu hizo, soma makala haya kwa kalamu mkononi. Na wewe ambaye hujawahi kuandika programu lakini unafanya kazi mbele ya kamera, soma pia, kwa maana mwili ulio karibu na mkanda ni wako.

SOMO KUTOKA WAGENIA

Ukifika Kisangani, katika jimbo la Tshopo, utapelekwa kuona maporomoko ya Wagenia. Ni ya mwisho kati ya maporomoko saba ya Boyoma, ambayo mto Kongo huyapita tangu Ubundu. Hapo wavuvi wa Kigenia husimika miti mikubwa katika mashimo ya miamba, wakaifunga kwa kamba za mwituni. Kwenye miti hiyo hutundika vikapu vikubwa vyenye umbo la pembe, mdomo ukielekea maji yanakotoka. Nguvu ya maji humsukuma samaki ndani ya kikapu na kumzuia asirudi.

Sasa fikiri kikapu kimetolewa majini, nacho ni kitupu. Pengine samaki hawakupita. Lakini pengine kikapu kimetoboka, kamba imelegea, au mdomo umegeuzwa na maji. Kikapu kitupu hakikuambii sababu ya utupu wake. Shurti ukikague chenyewe kabla ya kusema kwamba mtoni hakuna samaki.

Kamera ya usalama ni vivyo hivyo. King'ora kisipolia zamu nzima, huenda hakuna aliyekaribia hatari. Au huenda programu haijaona kitu tangu asubuhi. Ukimya wa aina mbili hizo unafanana kabisa masikioni. Yafuatayo ni makosa sita ya kawaida yanayoleta ukimya wa aina ya pili, pamoja na dawa zake.

1. PICHA HAIKUFIKA

Amri ya kufungua picha, imread, isipopata faili haipigi kelele. Hurudisha thamani ya None, maana yake hakuna kitu, kisha programu huendelea. Baadaye amri nyingine hugonga utupu huo, na ndipo unapoona ujumbe wenye namba -215 na neno empty, yaani tupu. Wanafunzi wengi hutafuta kosa katika mstari huo wa mwisho, kumbe kosa liko juu, pale picha ilipokosekana.

Kagua jina la faili na njia yake. Katika Linux herufi kubwa na ndogo si kitu kimoja. Katika Windows, majina yenye alama za Kifaransa huweza kuleta taabu. Folda iliyoandikwa Sécurité imewahangaisha wengi. Iandike bila alama. Na kila baada ya kusoma picha, iulize programu: je, ni None? Ikiwa ndiyo, itoe taarifa hapo hapo.

Kwa video hatari ni kubwa zaidi. Amri ya read hukupa vitu viwili: jibu la ndiyo au siyo, na picha yenyewe. Waya wa kamera ukikatika, jibu huwa siyo. Fundi asiyelisoma jibu hilo, au anayeiambia programu ijaribu tena bila mwisho na bila kutoa taarifa, huacha kioo kikionyesha picha ya mwisho. Mlinzi hutazama mkanda uliotulia, usio na mtu, kumbe anatazama saa moja iliyopita. Dawa yake: picha isipofika kwa sekunde 2, king'ora kilie na mkanda usimame. Tena andika saa juu ya kila picha, ili mwenye macho aone kama dakika zinasogea.

2. RANGI ZIMEPINDULIWA

Programu nyingi hupanga rangi kwa utaratibu wa nyekundu, kijani, buluu. OpenCV huanza na buluu na kumalizia na nyekundu. Usipozigeuza pale inapohitajika, kizibao cha rangi ya machungwa huonekana cha buluu, na programu iliyofundishwa kutafuta machungwa haitamwona mwenye kizibao. Tumia cvtColor kugeuza, na ujue ni wapi katika programu yako rangi zimegeuzwa.

Kuna mtego wa pili. Programu za kuchora huhesabu aina ya rangi kwa nyuzi 0 hadi 359. OpenCV, kwa picha za kawaida, huhesabu 0 hadi 179. Kwa hiyo rangi ya machungwa iliyo nyuzi 30 katika programu ya kuchora ni 15 hapa. Nyekundu nayo iko ncha zote mbili, karibu na 0 na karibu na 179; ukitafuta ncha moja tu utaikosa nusu yake.

3. UREFU NA UPANA VIMEBADILISHANA

Ukiiuliza picha ukubwa wake kwa shape, hutaja kimo kwanza, kisha upana. Ukitaka kuibadili kwa resize, wewe unataja upana kwanza. Ukisoma nukta moja ya picha, unataja mstari kabla ya safu. Ukichora mraba, kinyume chake. Mwenye haraka huchanganya, na eneo la hatari aliloliweka juu ya mkanda huangukia ukuta. Programu italinda ukuta kwa uaminifu mkubwa.

Chora eneo hilo juu ya picha halisi, uchapishe, umwite mfanyakazi wa mahali hapo atazame. Yeye atakuambia mara moja kama ndipo au sipo. Hali kadhalika, VideoWriter ikiambiwa ukubwa mmoja na kupewa picha za ukubwa mwingine, huzitupa bila neno. Siku ya ajali utafungua faili ya ushahidi na kukuta haina kitu.

4. HESABU IMEZUNGUKA

Mwanga wa kila nukta ni namba kati ya 0 na 255. Katika hesabu ya kawaida ya NumPy, ambayo Python huitumia kwa picha hizi, namba ikivuka 255 huanza tena chini: 250 ukiongeza 10 hupati 260, unapata 4. Na 10 ukitoa 20 unapata 246. Giza hugeuka mwanga, na programu huona mtu pasipo mtu, au humkosa aliyepo. Kujumlisha tumia add ya OpenCV, ambayo hukomea 255. Kulinganisha picha mbili tumia absdiff, ambayo hutoa tofauti bila kuzunguka.

5. KILA KITU KINASOGEA, AU MTU HASOGEI

Tuchukue mfano wa Wagenia tena. Ukisimika kamera ukingoni mwa maporomoko na kuiambia kompyuta ionyeshe kinachosogea, itakuonyesha mto mzima. Povu linasogea, mawimbi yanasogea, na mvuvi aliye juu ya miti atapotea katikati ya mambo hayo. Mgodini povu letu ni vumbi, mvuke, taa za magari na mkanda wenyewe. King'ora kinacholia kwa kila wingu la vumbi, baada ya siku tatu kuna mtu atakizima. Basi funika sehemu za mkanda katika hesabu, futa madoa madogo, na umtafute mtu kwa umbo lake, siyo kwa mwendo peke yake.

Upande wa pili wa kosa hili ndio unaotisha. Njia iitwayo MOG2 hujifunza mandhari kutokana na picha zilizopita. Kumbukumbu yake ya kawaida ni picha 500. Kwa kamera ya picha 25 kwa sekunde, hizo ni sekunde 20 tu. Kitu kisichosogea huhesabiwa kuwa sehemu ya mandhari baada ya muda. Fikiri maana yake, ndugu yangu. Mwenzako akianguka kando ya mkanda, akalala bila kujitikisa, yeye aliye na haja kubwa ya kuonekana ndiye atakayefutwa na programu. Kwa hiyo usitumie njia hiyo peke yake kulinda uhai. Mtu akishaingia katika eneo la hatari, programu imhesabu yumo mpaka imwone akitoka, au mpaka msimamizi afike mwenyewe.

6. KOMPYUTA IKO NYUMA YA WAKATI

Kamera ikitoa picha 25 kwa sekunde, na programu ikaweza kuchunguza 10 tu, picha hupanga foleni. Foleni ikihifadhiwa yote, baada ya dakika moja programu inachunguza mambo ya sekunde 36 zilizopita. Mkono hauhitaji sekunde 36 kunaswa na mkanda. Acha sehemu moja ya programu isome kamera bila kukoma na kuweka picha mpya peke yake. Sehemu nyingine ichunguze hiyo tu, na zilizopitwa zitupwe. Kisha pima: simamisha saa mbele ya kamera, uilinganishe na inayoonekana katika kioo.

JARIBIO LA KILA ZAMU

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya kazi kuanza, mkanda ukiwa umesimama na umefungwa kwa kufuli, fanyeni mambo haya matano:

Kwanza, futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Vumbi lililofunika kioo hicho ndilo linaloingia kifuani mwako. Ukilikuta jingi, uliza kama maji ya kunyunyizia yanafika, na uvae barakoa yako.

Pili, valisha sanamu helmeti na kizibao, uiweke katika eneo la hatari. King'ora lazima kilie. Kamwe usimtumie mtu hai kwa jaribio mkanda ukitembea.

Tatu, iache sanamu palepale kwa dakika 5. Programu isiisahau.

Nne, ziba kamera kwa kitambaa, kisha chomoa waya wake. Kwa kila moja king'ora lazima kilie. Kisipolia, kamera hiyo si kinga. Ibandikwe kibao cha ubovu na kazi ifuate utaratibu wa kufanya bila kamera.

Tano, andika matokeo katika daftari la zamu, pamoja na saa na jina la aliyejaribu.

Fundi naye ana la kuongeza. Programu itume ishara kila sekunde kusema kwamba ingali inafanya kazi, na chombo kinachopokea ishara hiyo kisimamishe mkanda ishara inapokoma. Hapo ukimya wenyewe unageuka kuwa king'ora.

NENO LA MWISHO

Kamera haiondoi kinga za zamani. Kamba ya kusimamishia mkanda ibaki ikivutika, vizuizi vya mashine vibaki mahali pake, na kila afanyaye matengenezo aweke kufuli lake mwenyewe na kubaki na ufunguo wake. Ukisikia mwenzako akisema, «Pita tu, kamera ingelia,» mzuie. Muulize kamera hiyo imejaribiwa lini na nani. Asipojua jibu, nendeni pamoja mkatazame daftari kabla ya mtu yeyote kupita.