Haya au maradhi? Jipime mwenyewe hofu ya kuwa mbele za watu

Katika toleo hili safu yetu inagusa maradhi ambayo mwenye nayo mara nyingi hajui kuwa anaumwa, na jamaa zake humsema kuwa anaringa, ana kiburi au amerogwa. Wataalamu wa afya ya akili wanayaita hofu ya kijamii, yaani hofu kubwa ya kutazamwa na kuaibika mbele za watu.

Mwenye hofu hii yupo katika mitaa yetu, tangu Shinyanga mjini na Kahama hadi Katoro na Nyarugusu. Ni kijana aliyehitimu madrasa kwa tajwidi nzuri, lakini siku ya Maulidi akisikia jina lake linatajwa hupotea. Ni mchimbaji anayekubali bei ya hasara kwa sababu hawezi kubishana na mnunuzi wa dhahabu mbele ya wenzake. Ni mama anayekaa na maumivu miezi kadhaa kwa kuogopa kujieleza kwa tabibu. Wapo wanaofika Ijumaa khutba imekwisha na kutoka kabla watu hawajapeana mikono, na wapo walioacha kabisa swala ya jamaa.

Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi chini ya Shirika la Afya Duniani, na kuchapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa karibu watu 4 katika kila 100 hupatwa na maradhi haya wakati fulani wa maisha yao. Mara nyingi huanza utotoni au mwanzoni mwa ujana.

Haya si maradhi

Tusichanganye mambo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa haya ni katika imani. Mwenye haya hujizuia na ovu. Mwenye hofu ya kijamii huzuiwa hata na jema analolitamani. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Naye Abdullah bin Umar (r.a.), akiwa kijana, alilijua jibu la swali la Mtume (s.a.w.) kuhusu mti unaofanana na Muislamu, nao ni mtende, lakini alinyamaza kwa sababu wakubwa walikuwapo. Baba yake alimwambia baadaye kuwa angefurahi sana lau angelisema.

Kunyamaza mara moja mbele ya wakubwa ni adabu. Tatizo ni kunyamaza kila siku na kila mahali, huku moyo unakwenda mbio.

Jipime

Mwaka 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa kipimo cha maswali 17 kuhusu hofu hii. Mwaka uliofuata kikafupishwa kuwa maswali 3. Kwa maneno yetu, maswali hayo yanauliza hivi:

1. Je, kwa kuogopa aibu unaacha kufanya mambo au kuzungumza na watu?
2. Je, unakwepa shughuli ambayo macho ya watu yatakuwa kwako, kama kuswalisha, kuadhini au kusimama kikaoni?
3. Je, kuaibika au kuonekana mjinga ni miongoni mwa mambo unayoyaogopa kuliko yote?

Ukikumbuka wiki moja iliyopita, jipe alama kwa kila swali: 0 kama hapana kabisa, 1 kidogo, 2 kiasi, 3 sana, 4 kupita kiasi. Jumlisha. Ukipata 6 au zaidi katika 12, inafaa umwone mtaalamu. Alama hizo peke yake hazithibitishi kuwa unaumwa. Tabibu atakuuliza pia kama hali hiyo imedumu miezi 6 au zaidi, na kama imeharibu masomo, kazi, ndoa au ibada yako.

Tahadhari kwa wachomaji dhahabu

Hapa kwetu lipo jambo ambalo vipimo vya Marekani havikuuliza. Wachimbaji wadogo wengi hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma. Mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu huingia kwenye ubongo, na miongoni mwa dalili zake ni mtu kuwa mwoga wa watu, kujitenga, kukasirika haraka, kusahau na kutetemeka. Utafiti wa afya uliofanywa Rwamagasa, mkoani Geita, na kuchapishwa mwaka 2010 uliwakuta wachomaji wenye sumu hiyo mwilini.

Utatofautishaje? Hofu ya kijamii kwa kawaida huanza ujanani, na mikono hutetemeka mbele za watu, kisha hutulia ukiwa peke yako. Dalili za zebaki huja baada ya mtu kuingia katika kazi hiyo, na mikono huweza kutetemeka hata chumbani. Jifungie ndani, andika jina lako, ulinganishe na mwandiko wako wa zamani. Ukiona umeharibika, au una vidonda vya mdomo na fizi zinatoka damu, mweleze tabibu wazi kuwa unachoma dhahabu ili upimwe mkojo. Usichome jikoni wala karibu na watoto na wajawazito. Tumia chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, na ukitumie nje ya nyumba. Aidha, kutetemeka huweza kuletwa na ugonjwa wa tezi ya shingo, baadhi ya dawa za pumu, au mlevi kukosa pombe ghafla.

Tusitafute mchawi

Mkoa wa Shinyanga unajua gharama ya kutafuta mchawi. Vikongwe wameuawa kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi yalikuwa ya moshi wa kupikia. Kijana akijitenga, tusianze kumnyooshea kidole bibi wa jirani. Kisomo na dua ni kheri, lakini visimzuie mgonjwa kutibiwa.

Wapo pia wanaojitibu kwa ulevi ili wapate ujasiri. Viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini gongo ipo. Mbali na uharamu wake, pombe huondoa hofu kwa saa chache, na kesho yake hofu hurudi na nguvu zaidi.

Tiba ipo

Tiba ya kwanza ni mazungumzo na mtaalamu, ambapo mgonjwa hufundishwa kuyapima mawazo yake na kuiendea hofu hatua kwa hatua. Kwa mfano, wiki hii atoe salamu kwa watu watatu, wiki ijayo akimu msikiti ukiwa na watu wachache, kisha asome sura fupi darasani. Kila akikimbia hofu hukua, na akivumilia hupungua. Zipo pia dawa kama fluoxetine, ambazo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na haziachwi ghafla bila ushauri. Usinunue diazepam dukani, kwani huzoesha mwili.

Anza katika kituo cha afya kilicho karibu, upate rufaa ya hospitali ya mkoa au Bugando, Mwanza. Mwenye mawazo ya kujidhuru apelekwe siku hiyo hiyo.

Walimu wa madrasa nao wasimcheke mwanafunzi anayekwama wala kumchapa kwa kunyamaza. Nabii Musa (a.s.), alipotumwa kwa Firauni, alimuomba Mola wake amkunjulie kifua na amfungulie fundo la ulimi, kisha akaomba nduguye Haruni awe msaidizi wake. Hayo yamo katika Surat Taha. Ikiwa Mtume wa Allah aliomba msaidizi, basi nasi tusione aibu kuomba msaada.

Wabillah tawfiq.