Dogo, Kubwa, Refu, la Aibu: Rekodi za Utafiti wa Tiba

Mabaharia 12 na watoto milioni moja: hiyo ndiyo tofauti kati ya jaribio la tiba linalosifiwa kuwa la kwanza kufanywa kwa kulinganisha, na jaribio linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote yaliyofanywa kwa kura. Lile dogo lilipata jibu ndani ya wiki moja, na jibu hilo limesimama hadi leo. Lile kubwa lilichukua miaka, na jibu lake likazua ubishi. Kwa hiyo anayesaka rekodi katika utafiti wa tiba asidanganywe na idadi. Aulize mambo mawili: nani alilinganishwa na nani, na je, wenyewe waliridhia? Rekodi zifuatazo zimepimwa kwa maswali hayo.

Kongwe: machungwa melini

Mei 1747, James Lind alikuwa daktari ndani ya HMS Salisbury, manowari ya Uingereza. Mabaharia walishikwa na kiseyeye: fizi zimeoza, ngozi ina madoa, magoti hayana nguvu. Lind akachagua wagonjwa 12 ambao hali zao zilikaribiana, akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula cha aina moja, kisha akawagawa wawili wawili. Jozi moja ilipewa pombe ya matufaha, nyingine asidi ya salfa iliyozimuliwa, nyingine siki, nyingine maji ya bahari, nyingine mchanganyiko wa vitunguu saumu na haradali. Jozi ya sita ilipewa machungwa mawili na limau moja kila siku.

Matunda yaliisha baada ya siku sita. Kufikia hapo mmoja wa waliokula machungwa alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenzake akapewa kazi ya kuwauguza waliobaki. Lind aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1753, yakiwa kurasa chache ndani ya kitabu kinene, na yeye mwenyewe aliendelea kuamini kwamba kiseyeye kina visababishi vingine pia, kama hewa yenye unyevu. Jeshi la Majini la Uingereza liliagiza mabaharia wagawiwe maji ya limau mwaka 1795. Miaka 48 kati ya jibu na agizo.

Kubwa kuliko yote: watoto milioni moja

Kati ya mwaka 1999 na 2004, katika jimbo la Uttar Pradesh kaskazini mwa India, watoto milioni moja ambao hawajafikia umri wa shule waliingizwa kwenye jaribio lililoitwa DEVTA. Kura ya kuamua nani apewe dawa ilipigwa kwa maeneo 72, si kwa mtoto mmoja mmoja. Baadhi ya maeneo yalipewa vitamini A kila baada ya miezi sita, mengine hayakupewa. Majaribio ya awali, likiwemo moja maarufu la Indonesia, yalikuwa yameonyesha kwamba vitamini hiyo inapunguza vifo vya watoto kwa hadi thuluthi. DEVTA ilipata punguzo la asilimia 4 tu, dogo kiasi kwamba lingeweza kuwa la bahati.

Matokeo yalipochapishwa mwaka 2013, ubishi ukaanza. Kuna waliohoji kama kweli watoto wote waliohesabiwa walipewa dozi zao, na kuna waliosema majaribio ya zamani ndiyo yaliyotia chumvi. Wingi wa watu huondoa bahati katika hesabu, lakini hauhakikishi kwamba dawa imefika kinywani.

Refu: mji uliopimwa presha

Mwaka 1948 watafiti walianza kuwafuatilia watu 5,209 wa mji wa Framingham, Massachusetts. Hawakuwapa dawa yoyote. Waliwapima kila baada ya miaka miwili na kungoja waone nani atapata ugonjwa wa moyo. Utafiti unaendelea mpaka leo, na umeshafika kizazi cha wajukuu. Humo ndimo ilimothibitika kwamba presha ya juu, kolesteroli na sigara hutangulia mshtuko wa moyo kwa miaka mingi. Zamani madaktari wengi waliamini kwamba presha kupanda uzeeni ni jambo la kawaida. Leo zahanati inapomfunga mtu mkanda wa presha mkononi ilhali hajalalamika kuumwa, inafuata njia iliyofunguliwa pale.

La aibu kuliko yote: miaka 40 bila tiba

Urefu peke yake si sifa. Mwaka 1932, huko Tuskegee katika jimbo la Alabama, Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilikusanya wanaume weusi 600: 399 wenye kaswende na 201 wasio nayo. Waliambiwa wanatibiwa “damu mbaya”. Walipewa vipimo, chakula siku ya kupimwa na ahadi ya gharama za mazishi, na familia ikikubali, maiti ikapasuliwa kuchunguzwa. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida ya kaswende katika miaka ya 1940, wao hawakupewa. Lengo lilikuwa kuona ugonjwa ukimaliza safari yake.

Magazeti yalifichua habari hiyo mwaka 1972, na utafiti ukasimamishwa. Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya taifa mwaka 1997. Kundi la kulinganisha lilikuwepo, kumbukumbu zilitunzwa, kila kitu kilikuwepo isipokuwa ridhaa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1974 inayotaka kamati za maadili zipitie utafiti kabla haujaanza ilitokana kwa sehemu kubwa na fedheha hiyo.

Seli zilizosambaa kuliko zote

Mwaka 1951 Henrietta Lacks, mama wa watoto watano, alitibiwa saratani ya shingo ya kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Kipande cha uvimbe wake kilipelekwa maabara ya mtafiti George Gey bila yeye kuombwa ridhaa. Seli nyingine zote za binadamu zilizowekwa maabara zilikuwa zikifa baada ya muda. Hizi ziliongezeka maradufu kwa takriban siku moja. Lacks alifariki Oktoba 1951 akiwa na miaka 31. Seli zake, zilizopewa jina la HeLa, zikawa za kwanza za binadamu kuishi maabara bila kikomo.

Ziligawiwa dunia nzima, na zilitumika kupima kama watoto waliopigwa chanjo ya polio mwaka 1954 walikuwa wamepata kinga. Chuo kilichozizalisha kwa wingi kwa kazi hiyo, kikiwa na mafundi weusi, kilikuwa Tuskegee, mji uleule ambamo wanaume weusi walikuwa wananyimwa penisilini. Familia ya Lacks ilikuja kujua habari za seli hizo katika miaka ya 1970.

Safari ndefu kuliko zote kumfuata mgonjwa

Mwaka 1957, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Wiki chache baadaye akaona mwingine wa namna hiyo Jinja. Akapekua mafaili, akatuma picha na maswali kwa mamia ya hospitali, na mwaka 1961 akaondoka na madaktari wenzake wawili kwenye gari kuukuu. Walizunguka Afrika Mashariki na kusini mwa bara kwa wiki kumi, wakisafiri takriban kilomita 16,000, hospitali kwa hospitali, wakiuliza swali moja: mmewahi kuona uvimbe huu? Ramani iliyotoka ilionyesha kwamba ugonjwa unakaa kwenye joto na mvua, na kwamba kwenye nyanda za juu haupo. Ni ramani inayofanana na ya malaria, na baadaye ilikuja kuonekana kwamba malaria ina mkono wake humo.

Huko London, mtafiti Anthony Epstein alimsikia Burkitt akihutubia, akaomba atumiwe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili hakupata kitu. Desemba 1963 ndege ilikwamishwa na ukungu, ikashushwa Manchester. Chupa ilipomfikia, maji yake yalikuwa na ukungu pia, na mtu wa maabara angedhani bakteria wameingia, akamwaga. Epstein aliweka tone chini ya darubini, akaona seli za uvimbe zikielea zikiwa hai. Zikaoteshwa na mwenzake, Yvonne Barr, na mapema 1964 darubini ya elektroni ikaonyesha virusi ndani yake. Ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu vilivyopatikana: vilitoka katika taya la mtoto wa Uganda.

Tiba nafuu kuliko zote

Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walifurika India, na kipindupindu kikawafuata. Katika kambi ya Bangaon, dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza kwa kila lita ya maji gramu 22 za glukosi, 3.5 za chumvi na 2.5 za magadi ya kuokea, na ndugu wakawanywesha wagonjwa wenyewe. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

Hakupiga kura, wala hakutenga kundi la kulinganisha. Katika hali ile isingewezekana. Lakini hakuwa anabahatisha. Maabara zilishaonyesha kwamba glukosi huivuta sodiamu kupita kwenye ukuta wa utumbo, na maji huifuata, hata utumbo ukiwa unaharisha. Leo pakiti ya mchanganyiko wa namna hiyo, ORS, inauzwa hata kwenye duka la dawa la kijijini.

Mshangao mkubwa kuliko wote

Maji tena, safari hii yakipita kwenye mshipa, ndiyo yaliyoleta matokeo yaliyowashtua madaktari wa watoto kuliko mengine katika miaka ya karibuni. Mwongozo ulikuwa wazi: mtoto aliyeletwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi na mapigo dhaifu, aongezewe maji haraka. Tiba hiyo ilifundishwa vyuoni, ikafanywa kote. Hakuna aliyekuwa ameipima sawasawa kwa kura.

Kathryn Maitland, mtafiti wa Kilifi, na wenzake wakaipima katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, na Teule ya Muheza, Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa makundi matatu. Katika makundi mawili, mtoto wa kilo 10 alipewa mililita 200 au zaidi kwa haraka, yakiwa maji ya chumvi au yenye albumini. Kundi la tatu lilipewa huduma nyingine zote, yaani dawa za malaria, antibiotiki, oksijeni na damu inapohitajika, pamoja na maji ya taratibu tu. Watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuingizwa, na kwao matokeo haya hayasemi lolote.

Lengo lilikuwa kufikisha watoto 3,600. Januari 2011 kamati huru ya usalama ikasimamisha. Ndani ya saa 48, waliokufa katika makundi ya maji ya haraka walikuwa asilimia 10.5 na 10.6, na katika kundi lisilopewa, 7.3. Kwa kila watoto 100 waliotibiwa kwa mwongozo, watatu zaidi walipotea. Na la kutisha zaidi ni hili: katika saa ya kwanza, walioongezewa maji ndio walioonekana kupata nafuu haraka. Muuguzi aliyekuwa kando ya kitanda aliyaamini macho yake, na macho yalimdanganya. Bila kundi la kulinganisha hakuna ambaye angejua hilo. Shirika la Afya Duniani lilirekebisha mwongozo wake mwaka 2016.

Ya haraka na ya polepole

Mpangilio wa vinasaba vya virusi vya korona ulitangazwa Januari 2020, na tarehe 2 Desemba mwaka huohuo Uingereza ikaidhinisha chanjo iliyojaribiwa kwa watu zaidi ya 40,000. Rekodi ya awali ilikuwa ya matumbwitumbwi: miaka minne, kutoka 1963 hadi 1967.

Upande wa pili iko chanjo ya malaria ya RTS,S. Kazi ilianza 1987, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021, miaka 34 baadaye. Ndiyo chanjo ya kwanza kupendekezwa dhidi ya kimelea anayemshambulia binadamu, na watoto wa Bagamoyo, Korogwe, Kilifi, Siaya na Kombewa walikuwa miongoni mwa zaidi ya 15,000 walioijaribu. Kimelea wa malaria hujibadilisha umbo mwilini, hivyo ni mgumu kuliko virusi vya korona. Lakini pesa nazo zilikuwa na lao: korona iliwagusa matajiri.

Asilimia 100

Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25 wasio na VVU. Waliochomwa lenakapaviri, sindano ya mara mbili kwa mwaka, walikuwa 2,134. Walioambukizwa kati yao: hakuna. Katika makundi mawili ya vidonge vya kila siku waliambukizwa 39 na 16.

Vidonge hivyo huzuia VVU vikimezwa, ila wengi hawakuvimeza mara kwa mara. Msichana anayeishi na wazazi au mpenzi anayemshuku hawezi kuficha kopo la dawa mwaka mzima, lakini sindano haionekani. Ndiyo maana rekodi hii haikuwekwa na kemia peke yake. Iliwekwa na wasichana waliokubali kwa hiari kuingia kwenye kura, na kwa kuwa wao ndio waliothibitisha dawa, mtaa wao ulistahili kuwa wa kwanza kuipata, kwa bei ambayo serikali zao zinaimudu.